Kutu Tu

Watu walimwita Fundi Kutu, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kuwavisha farasi viatu vya chuma, na kila mwenye farasi aliyemjia mbio kumwonyesha doa kwenye ukwato alijibiwa neno moja. Doa la kahawia? Kutu. Michirizi chini ya vichwa vya misumari? Kutu tu, kausha sakafu ya banda lako, mkojo unakula chuma. Mara nyingi alikuwa sahihi, maana msumari ni chuma na chuma kikilowa hakina siri. Ubaya wa neno lililozoea kuwa sahihi ni kwamba mwishowe hutangulia macho.

Asubuhi hiyo binti yake alipiga simu kabla chai haijapoa. Binti alikuwa akifundisha watoto kupanda farasi, na farasi mwenyewe alikuwa mmoja tu, jike mwenye kwato nyeupe, mpole kama maji ya mtungini.

"Baba, anachechemea. Mguu uleule ambao wiki iliyopita ulisema ni kutu."

Mkewe, ambaye kwa miaka yote alikwenda naye kila banda kumshikia farasi, alikuwa bado kitandani. Nyonga yake ilikuwa imegoma, na wiki iliyopita pia fundi alikwenda peke yake.

"Tazama vizuri," mkewe alimwambia.

"Kwani huwa natazama kwa masikio?"

"Hilo nalo neno," mkewe akasema, akageukia ukutani.

Fundi akajikokota na sanduku lake la vifaa. Magoti yalilalamika njia nzima, na yeye hakuwa na nguvu za kubishana nayo. Bandani alikuta sakafu imelowa, mfereji umeziba, na maranda ya kulalia farasi yameshikamana kama uji uliolala. Binti alishika kamba ya farasi tu. Hakurithi mdomo wa mama yake.

Fundi akainama, akaupakata mguu wa mbele kati ya magoti, mgongo ukalia. Akaona ukwato mweupe na madoa ya kahawia kuzunguka misumari, vilevile kama wiki iliyopita.

"Kutu," mdomo ukasema.

"Baba, hilo ni jekundu."

"Lipi?"

"Hili hapa." Kidole cha binti kilikuwa kwenye msumari wa tatu. "Mengine ya kahawia, sawa. Hili ni jekundu, linaingia zambarau. Hulioni?"

Fundi akatazama. Kahawia. Akafuta macho kwa pindo la shati, akatazama tena. Kahawia.

Hakubisha. Akachukua tupa, akaparuza juu juu, maana kutu hukaa nje na haichukui muda kutoka, lakini damu hukaa ndani ya ukwato, na ukiparuza ndiyo kwanza unaisogelea.

"Sasa?" akauliza.

"Mengine yamefutika. Hili limekolea."

Akaweka kiganja: moto. Akagonga kichwa cha msumari taratibu kwa nyundo, na yule farasi mpole akaunyakua mguu wake nusura amwangushe fundi kwenye tope. Akang'oa misumari, akatoa kiatu. Msumari wa tatu ulitoka umelowa usaha, na harufu yake haikuhitaji macho. Siku alipomvisha kiatu hicho aliupigilia karibu mno na nyama ya ndani ya ukwato. Hilo humtokea fundi yeyote, na likiwahiwa ni dogo. Yeye hakuliwahi. Alisema kutu akaenda zake, na mnyama akabebeshwa watoto juu ya jeraha.

Wakamloweka ule mguu kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu yenye chumvi.

"Ukitoka hapo ufunge kitambaa, umsimamishe pakavu," fundi akasema. "Umwite daktari wa mifugo leo hii."

"Na masomo?"

"Hakuna masomo mpaka apone."

Binti hakumlaumu. Alizibua mfereji, na fundi akaona heri angetukanwa.

Akaketi kwenye sanduku lake, na hapo ndipo sauti ya mkewe ilipomrudia. "Eh, hapa pamewiva kama nyanya, mzee." "Hii kahawia tu, kama chai ya jana." Kila banda, kila mguu. Siku zote alidhani mwanamke ana mdomo usiopumzika, na zaidi ya mara moja alimwambia anyamaze amwache afanye kazi. Akajaribu kukumbuka doa moja aliloliona yeye kabla mkewe hajalitaja. Hakulipata.

Nyumbani alimkuta mkewe kitini, ameegemea upande mmoja.

"Umejua tangu lini?" fundi akauliza.

Mkewe hakuuliza anaulizwa nini. "Tangu harusi ya mpwa wako, ulipovaa soksi ya kijani na ya kahawia ukaniambia zinafanana."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeacha kazi. Na wewe bila kazi nakujua, ungekuja jikoni kunifundisha kuchemsha maji."

Fundi akacheka bila kutaka. Kisha akamwambia mkewe asikonde, yeye atatafuta mtu wa kumshikia farasi na kumtajia rangi hadi nyonga ipone, halafu watarudi kama zamani. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," akamaliza, kama alivyozoea kujifariji.

"Koleo ni mimi, mzee." Mkewe aliongea bila hasira yoyote. "Nyonga hii haikuanza juzi. Nilikuwa nasimama nayo kwenye mabanda ya watu kwa sababu nikikaa, wewe huoni. Nimechoka."

Fundi alikuwa amejihesabu kuwa ndiye mchovu wa nyumba ile. Mgongo wake, magoti yake, alivitangaza kila jioni na mkewe akavikanda. Hakuwahi kuuliza mikono inayomkanda imeamkaje.

Simu ikalia. Binti alisema daktari amefika, amesafisha, farasi atapona. Akauliza baba atarudi lini kumvisha kiatu.

"Tafuta fundi mwingine, mwanangu," akasema. "Mimi sioni rangi."

"Sawa, baba," binti akasema polepole, na fundi akaiweka simu mezani.

"Sema tena," mkewe akamwambia.

"Niseme nini?"

"Hilo ulilomwambia mtoto."

"Sioni rangi."

"Haya," mkewe akasema. Akaunyoosha mguu wake mbovu juu ya kigoda, taratibu, akaanza kulia kama mtu aliyeambiwa sasa anaweza kukaa.