Mkebe Chini ya Muringa

Msumeno wa petroli ulikohoa mara mbili, ukanyamaza. Celina hakuinua kichwa. Alikuwa amepiga magoti chini ya mti wa muringa, akigonga mkebe wa mafuta ya kupikia kwa ubavu wa panga. Kitako cha mkebe alikuwa amekikata chote. Ulipozama ardhini vidole viwili, aliacha. Mgongoni, mwanawe mchanga Mukiri alilala mdomo wazi.

"Mama Mukiri, toka hapo," alisema Kiambi, mwenyekiti wa kamati ya chemchemi. "Mti ukianguka hauulizi kuna nani."

"Nipe dakika chache, Mzee."

"Tulikubaliana kwa mkutano. Miti ya kupandwa inakunywa maji. Yote inashuka leo."

Yote. Mikaratusi ya juu, iliyonyooka kama nguzo za stima, na pia hii miti ya kienyeji, miringa mia tatu iliyozunguka chemchemi, ambayo Celina na wanawake wenzake waliipanda mwaka alipoolewa na kuimwagilia kwa vikombe.

Chemchemi ilikuwa imebaki uzi. Kwa vile saa za simu zisizolingana ziliwahi kuleta vita kwenye foleni, watu wa mlima huo juu ya mji mdogo wa Mikinduri walipima maji kwa sala. Zamani jagi lilijaa kabla ya Amina. Sasa lilitaka Baba Yetu mbili, na mtu aombe polepole.

"Mzee, mimi namwaga kikombe kimoja cha maji humu mkebeni. Wewe omba. Kikiisha kabla ya Amina, uniachie miringa. Kisha tufanye hivyo hivyo kule juu."

"Hayo masomo yako ya jioni!" Kiambi alicheka, lakini alivua kofia. Hangekataa kuomba mbele ya wanawake wa kanisa waliokuwa wamekusanyika hapo.

Celina alimwaga. Jambo hili alikuwa amelijaribu mara moja tu, nyuma ya jikoni kwake. Kiambi akaanza sala mbio, maneno yakikanyagana.

"Mwenyekiti, usimkimbize Mungu!" Gatwiri, jirani wa Celina, alipiga kelele.

Lakini udongo ulikuwa na mbio zake. Maji yalizunguka mara moja, yakatoa mapovu madogo, yakazama kati ya majani yaliyooza. Kiambi alikuwa bado hajafika majaribuni. Mkebe ulikuwa mtupu.

Mwenyekiti alipanda mwenyewe hadi kwenye mikaratusi, mkebe mkononi, akaugonga ardhini mpaka jasho likamtoka. Huko juu ardhi ililia kama sakafu. Celina akamwaga, na safari hii mwenyekiti aliomba taratibu, kama mtu anayevuta ng'ombe asiyetaka kuvuka mto. Amina. Maji yalikaa yakimwangalia. Akaomba tena. Jani moja jembamba lilielea juu ya maji, likizunguka.

"Ya tatu, Mwenyekiti," alisema Gatwiri. "Labda hakusikia."

Hata mwenye msumeno alicheka. Kiambi alichutama, akatia kidole mkebeni, akakitoa kimelowa.

"Mvua ni ileile, Mzee," Celina alisema kwa sauti ya chini. "Huku inagonga na kuteremka na udongo wetu hadi mtoni. Kile kidogo kinachoingia, mikaratusi inakimaliza. Kule chini inaingia, inatembea polepole, inatutokea kwa bomba. Miti haifanani."

Kiambi aliitazama mikaratusi yake, maana mingi ilikuwa yake. Alivaa kofia.

"Washa," alimwambia mwenye msumeno. "Anza na hii. Kule kwa akina mama usiguse hata tawi."

Wanawake walipiga vigelegele, na Mukiri akaamka akilia. Celina alimfungua mgongoni, akamrusha juu, akamdaka, akamrusha tena, mpaka kilio kikawa kicheko.

Mvua za Aprili zikapita. Mahali pa mikaratusi wakapanda miche ya miringa, na ukame wa Septemba ulipofika, foleni ya chemchemi ilikuwa fupi. Kiambi alikuja asubuhi na jagi lake, akalikinga chini ya bomba, akafumba macho.

Celina, nyuma yake, alimsikia akiomba. Jina lako. Ufalme wako. Mkate wetu.

"Utusamehe makosa..." alisema Kiambi, akanyamaza ghafla.

Maji yalikuwa yamefurika juu ya jagi, yakimteremkia kwenye mkono wa koti hadi kiwikoni, na mzee hakuuondoa.