Sista wa Siku ya Makambi

Watoto wa wazee wetu hawaingii ndani. Husimama mlangoni, mkono mmoja chupa ya chai, mkono wa pili leso, wakichungulia chumba wanachokilipia wenyewe kana kwamba wamekosea nyumba. Huuliza kama mama anakula. Huuliza kama analala. Kisha hutazama simu, hukumbuka kwamba barabara ya Gesima huharibika mvua ikinyesha, na huondoka na leso ikiwa bado puani.

Nimekuwa muuguzi katika makao haya tangu yafunguliwe, na watu hao nimewadharau kwa moyo wangu wote. Sikujisumbua kulificha hilo. Jumapili moja Alfayo, mwalimu mkuu kutoka upande wa Ogembo, alifika wakati mimi na msaidizi wangu Bitutu tukimbadilisha mama yake nepi. Aligeuka kwa kasi hata akajigonga kwenye mwimo wa mlango.

"Sista, hiyo ni chinsoni," alisema huku akiutazama ukuta wa nje. "Mtoto hawezi kuona mama yake hivyo."

"Yeye alikuona wewe hivyo miaka mingapi?" nilimuuliza. "Alikimbia?"

Bitutu, mama mzima mwenye wajukuu, alicheka hadi akaachia taulo. Mwalimu mkuu hakucheka. Aliacha mfuko wa ndizi kwenye ukumbi akaenda zake.

Chinsoni ndiyo haya na heshima ambayo sisi Wagusii tumewekewa baina ya mzazi na mwanawe, na zaidi baina ya baba mkwe na mkaza mwana. Hawapeani mikono. Mmoja haketi kitandani pa mwenzake, haingii chumbani mwake, hawatajiani mambo ya mwili hata kwa mafumbo. Nililelewa humo na nikaolewa humo. Lakini tangu nivae sare niliamini kwamba ni kisingizio kizuri cha watu wanaoogopa harufu, na niliwaambia hivyo wakiwa wamenitolea macho.

Kisha wakaniletea baba mkwe wangu.

Mzee Ogoti alikuwa mzee wa kanisa na mwenye shamba la majani chai linaloonekana kutoka barabarani. Nilipoposwa, aliuliza mbele ya wazee wote kama ni kweli kazi niliyosomea ni kushika uchi wa wanaume. Hakungoja jibu, alinyoosha mkono akaomba chai iongezwe. Sikumsamehe. Siku aliposhushwa kwenye gari akiwa amepooza upande wa kulia, mpira wa mkojo ukining'inia kando ya mguu wake, nilisimama pale uani na nikaona furaha ndogo mbaya ikinipita kifuani.

Mume wangu Okemwa ndiye aliyepanga yote kutoka Marekani. Okemwa anafanya kazi Minnesota, katika nyumba ya wazee kama yetu, ila yao ina zulia. Huko huwaogesha wazee wa Kizungu, huwalisha kwa kijiko, huwapangusa, kisha hunitumia picha akiwa na sare ya buluu, meno yote nje. Lakini baba yake mwenyewe, Okemwa hajawahi kumkata hata kucha. "Si wewe upo hapo," alisema. Hata hivyo alimwomba mwenye makao amkabidhi baba kwa Onyiego, muuguzi mwenzangu, kwa kuwa Onyiego ni mwanamume.

Nami sikupinga. Na mzee tuliamkiana kutoka mlangoni, yeye akilitazama dirisha, mimi nikiitazama miguu ya kitanda. Nilijiambia kwamba nina kazi nyingi.

Jumamosi ya mwisho ya makambi ya kanisa, Wasabato wote walikuwa mkutanoni: Onyiego, mwenye makao na gari lake, na karibu kila mtu niliyekuwa na nambari yake. Simu zilikuwa zimezimwa ili watu wamsikie Mungu vizuri. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Baada ya chakula cha mchana Bitutu alinifuata kwenye chumba cha dawa.

"Sista, mzee wako ni mgonjwa. Hiyo mpira imeziba. Mfuko uko mkavu kabisa na tumbo imekuwa ngumu."

"Tangu lini?"

"Alificha. Nimemwona akilia ndio nikajua."

Nilikwenda hadi mlangoni. Mzee Ogoti alikuwa amelowa jasho, midomo imebadilika rangi, mkono wake mzima umelishika blanketi karibu na kidevu. Kutoka pale tu niliweza kuuona uvimbe wa tumbo. Nilipotia mguu ndani alipiga ukelele ambao sikujua kwamba bado anao.

"Toka!"

"Baba, mpira umeziba. Lazima ubadilishwe sasa."

"Onyiego."

"Onyiego hayupo. Niko mimi tu."

"Basi nife," alisema, maneno yakimtoka kwa upande mmoja wa mdomo. "Toka, mama Ian. Toka."

Nilitoka. Nilipigia gari la wagonjwa. Lilikuwa limempeleka mama mjamzito Kisii, nikaambiwa nisubiri. Nilimpigia Onyiego hadi nikaichukia sauti ya yule mwanamke wa simu. Bitutu alikuwa tayari kwa lolote, lakini kazi hiyo hakufundishwa, na mkono usioijua ungeweza kumchana mzee ndani akavuja damu. Mkojo uliofungwa hivyo hurudi kwenye figo, na mtu wa umri wake haonyeshi dalili mara mbili. Mwishowe nilimpigia mume wangu.

Alikuwa zamuni. Nyuma yake nilimsikia bibi kizee akiita kwa Kiingereza, naye akamjibu kwa sauti tamu ambayo sijawahi kuisikia ndani ya nyumba yangu. Nilimweleza.

"Usimguse baba," alisema.

"Atakufa, Okemwa."

"Tafuta mwanamume."

"Wanaume wako makambini."

"Nyanchama, wewe ni mkaza mwana wake! Akipona atawezaje kukaa meza moja na mimi?"

"Na wewe hapo ulipo unamwosha nani?"

Yule bibi aliita tena.

"Hawa si wazazi wangu," alisema kwa sauti ya chini. "Ndiyo maana naweza."

Nilikata simu nikiwa tayari kumcheka, na kicheko hakikuja. Nilikuwa nimesimama kwenye ukumbi wenye vyumba pande zote, na katika vyumba vyote hivyo hapakuwa na mtu wangu hata mmoja, isipokuwa yule ambaye nilikuwa nimemsalimia kutoka mlangoni tangu aletwe. Niliona haya, na haya ile ilinikasirisha.

Mama Indira, mmoja wa wazee wetu, alikuwa barazani kwenye kiti chake cha magurudumu, shali mabegani. Familia yake imeuza mabati na misumari mjini Kisii tangu kabla sijazaliwa, na masikio yake hayajazeeka.

"Baba mkwe wako anakataa," alisema.

"Anakataa."

"Lazima akatae. Sisi Wahindi pia tuko na hiyo. Mimi nilifunika uso mbele ya baba ya bwana yangu kila siku. Mpaka anakufa, hakujua pua yangu iko namna gani." Alilivuta shali hadi kidevuni kunionyesha. "Halafu akaanguka, akalala kitandani miaka. Unafikiri nani alimwosha?"

"Ukamfunulia uso?"

"Wacha wewe! Nilifunika zaidi. Yeye aliona kitambaa tu. Kitambaa si mke ya mtoto yake."

Siku nyingine ningemwambia kwamba kuweka mpira wa mkojo si kupika chapati, na kwamba wauguzi hawafanyi kazi na gunia kichwani. Nilikuwa na jibu hilo ulimini. Badala ya kulisema nilichukua ufunguo wa stoo.

Mavazi ya wakati wa korona yalikuwa bado kwenye katoni, hakuna aliyetaka kuyavaa tena. Nilivaa gauni refu, kofia iliyoficha nywele zote, barakoa, na juu yake ile kinga ya plastiki ya uso. Nilivua pete. Nilivua viatu vyangu ambavyo mzee alivijua kwa mlio, nikavaa gambuti za Bitutu. Kisha nilimwita Bitutu nikamwambia la kusema.

"Ataamini?" aliuliza.

"Sema tu."

Bitutu alitangulia na sinia ya vifaa. "Mzee," alisema kwa sauti kubwa, "tumepata sista mwingine. Ametumwa kutoka Kisii."

Mzee Ogoti aligeuza kichwa. Alinitazama kuanzia gambuti hadi kofia, na macho yetu yakakutana nyuma ya plastiki. Nilijua kwamba amenijua. Nilisimama pale mlangoni nikangoja anifukuze. Maumivu yalimpitia, akafumba macho, akayafumbua.

"Kisii ni mbali," alisema. "Na mvua hii."

Kisha kwa mkono wake mzima alilivuta blanketi hadi likamfunika uso wote.

Niliingia. Nilifanya kazi kama nilivyofundishwa, bila neno, nikimwonyesha Bitutu kwa kidole ninachotaka. Mpira wa zamani ulitoka na uchafu wake. Mpya ulikataa kidogo, nikasubiri, ukapita. Mkojo ulishuka mfukoni, mzito na mweusi, mwanzoni polepole. Chini ya blanketi nilimsikia akivuta pumzi ndefu, na miguu yake iliyokuwa imekakamaa ikalegea. Nilimsafisha. Nilimgeuza, nikaona wekundu umeanza kiunoni, mahali ambapo kidonda huzaliwa, nikaupaka dawa. Ngozi yake ilikuwa nyembamba na safi. Kwa miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi hata kumgusa kiganja.

Bitutu alibeba sinia akatoka. Nilikuwa nikilitengeneza shuka la miguuni blanketi liliposema:

"Sista."

Nilikohoa kumjibu.

"Hapa kuna mkaza mwana wangu. Anafanya kazi hapa." Alipumzika kidogo, ulimi ukimlemea. "Ana maneno makali huyo. Ukikutana naye huko nje, usimwambie umeniona hivi."

Niliitikia kwa kichwa, ingawa hakuwa akiniona.

"Lakini mwambie nimehudumiwa vizuri. Mwambie mkono wa sista ni mzuri. Kazi hiyo niliitukana zamani, mbele ya watu. Mwambie."

Kinga ya uso ilikuwa imejaa ukungu. Nilitoka nikipapasa ukuta, nikaenda hadi bombani nyuma ya jiko, nikavua kila kitu kimoja kimoja nikakitia kwenye mfuko wa taka. Nilinawa mikono na uso, na nikanawa tena uso. Nilirudisha pete, nikavaa viatu vyangu, nikarudi ukumbini vikilia kama kawaida yake.

Mlango wake ulikuwa wazi. Alikuwa amefunua uso na rangi imemrudi. Alikuwa akilitazama dirisha.

"Baba, umeshindaje?" nilimsalimu.

"Nimeshinda salama, mama Ian." Alimeza mate. "Kulikuja sista mmoja."

"Nimesikia, baba," nilisema, na nikabaki palepale mlangoni.