Korongo Juu ya Dohani

Habari hii alinipa Zulikha mwenyewe, mke wa Abdulbaki, siku ile tulipokuwa tunaosha sufi za magodoro mwanzoni mwa kiangazi. Tulikuwa tumekaa kando ya mabeseni, vidole vimenywea kwa sabuni, naye akasimulia bila haraka, kama mtu anayeeleza bei ya vitunguu. Nami naiandika vivyo hivyo.

Asubuhi hiyo ya Februari Zulikha aliamka na kichwa kizito kama kimefungwa kamba. Akapita sebuleni kuelekea jikoni kuchemsha maziwa. Mkwewe, Mzee Tayeb, alikuwa ameketi kwenye godoro lake mbele ya hita, mikono imeshika tumbo, anamtazama chiriku wake. Tundu la ndege lilining'inia kwenye msumari juu ya hita, mahali penye joto. Chiriku alikuwa amelala sakafuni mwa tundu, miguu juu.

"Amekufa kwa baridi," alisema mzee.

"Baridi gani, baba? Hita imewaka usiku kucha."

"Basi amekufa kwa joto."

Mzee akanywa kahawa, ikamrudi yote kwenye sahani. Alisema ni zile njegere za jana. Zulikha alikula njegere zile zile, na tumbo lake halikuwa na neno, ila kichwa. Akainama kuitazama hita. Majengo yetu yale ni ya enzi za Wafaransa, kila sebule ina tundu kubwa ukutani ambamo zamani zilichomwa kuni, na sasa watu wamesukumia humo hita za gesi, moshi unapandia dohani ile ile ya zamani. Kioo cha hita kilikuwa na masizi kama chungu cha harusi. Nyuma ya kioo moto ulikuwa wa njano, mrefu, unaramba ramba.

Akafunga koki ya ukutani, akafungua dirisha. Hewa ya theluji ikaingia.

"Unataka kunizika na ndege wangu?" aliuliza mzee.

"Jifunike, baba. Nikirudi nitaisafisha. Usiwashe."

Kuisafisha hita ilikuwa kazi ya Abdulbaki. Kila mwaka kabla ya baridi alikuwa akija likizo kutoka jangwani kwenye visima vya mafuta, anaifungua, Zulikha anampa bisibisi na kumshikia taa. Mwaka huu kampuni ilisogeza likizo mara mbili, na baridi haikusogea.

Zulikha ni mfagiaji wa shule ya msingi. Siku hiyo, kwa bahati, walikuja watu wa zimamoto kuwafundisha watoto hatari za gesi. Afisa mmoja kijana, viatu vinang'aa, alionyesha picha ya moto wa buluu na moto wa njano, na watoto wakaimba pamoja naye: "Buluu salama, njano hatari." Aliwaambia moto wa njano hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, huja na kichwa kuuma na kichefuchefu, na aliyelala nayo haamki. Aliwaambia wasizibe tundu la hewa. Zulikha alikuwa mlangoni na mopu yake. Akakumbuka kwamba nyumbani, kwenye tundu la hewa lililo chini ya dirisha, mzee alishindilia sweta kuukuu tangu Desemba.

Siku hiyo ya wiki shule zetu hufungwa mchana. Alirudi, akavaa kanga ya kazi, akaanza. Kwanza alichomoa lile sweta. Akahakikisha koki imefungwa na chuma kimepoa, akalegeza skrubu, akatoa kioo na sahani ya mbele. Akakisugua kichomeo kwa mswaki mkavu, tundu moja moja, bila maji, kwa kuwa Abdulbaki alimwonya kwamba maji huvitia kutu vile vitundu vikatoa moto upande. Vumbi na manyoya ya chiriku yalitoka kwa wingi. Akakichomoa kile kipande cha bomba kinachoingia dohani, akakipigapiga uani mpaka theluji ikawa nyeusi. Akakirudisha, na kioo na sahani, akakaza. Akafungua koki, akapaka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira wa gesi, akasubiri. Povu halikuvimba, yaani gesi haivuji.

Akawasha. Moto ukaja buluu, mfupi, umetulia.

"Sasa hiyo ndiyo hita," alisema mzee akisogeza godoro.

Lakini kuna jambo la mwisho ambalo Abdulbaki hakuliacha kamwe. Zulikha akachoma kijiti cha ubani, akakishika kwenye mdomo wa hewa nyuma ya hita. Moshi wa ubani unatakiwa uvutwe ndani, upande na dohani. Moshi ulisita, kisha ukamrudia usoni. Akaweka kiganja kwenye bomba. Bomba ambalo kwa wakati ule lingepaswa kumuunguza lilikuwa baridi kama reli ya ngazi. Na moto, polepole, ukaanza kuwa na ncha za njano.

Akazima tena. Mzee akavuta blanketi.

Basi kizuizi kiko juu, na ufunguo wa paa anao Hajjat Burnia wa ghorofa ya juu. Hajjat alifungua mlango akiwa na unga wa semolina mpaka kwenye viwiko, wakapanda pamoja, polepole kwa sababu ya magoti ya Hajjat.

Juu ya dohani ile lilikaa tuta la matawi kubwa kama tandiko la ngamia. Matawi, mifuko ya mbolea, na kipande cha zulia jekundu kilichoning'inia kuelekea ndani ya mdomo wa dohani. Juu ya tuta alisimama korongo kwa mguu mmoja, akawatazama, kisha akageuza kichwa kama mwenye nyumba aliyechoka na wageni.

Kila mtu mtaani alijua amekuja. Wiki ile alipotua, Mzee Tayeb mwenyewe alimsalimia kutoka dirishani, "Karibu, Hajji," kwa kuwa husemwa korongo huhiji Makka kila mwaka, na wanawake walipiga vigelegele, maana kwetu korongo akijenga juu ya nyumba yako umepata baraka. Miaka yote alikuwa akikaa juu ya mnara wa saa wa manispaa. Vuli iliyopita mnara ulipakwa rangi kwa ajili ya mgeni mkubwa, kiota kikatupwa kwenye lori la takataka. Korongo aliporudi akakuta mnara unateleza, akachagua penye joto.

"Lazima kitoke," alisema Zulikha.

"Nani atoke?"

"Kiota, Hajjat. Moshi unaturudia."

"Huyo ametembea Makka mara nyingi kuliko mimi. Mimi sipeleki mkono wangu. Na wewe usipeleke." Hajjat akafuta unga kwenye aproni. "Nenda manispaa. Wao walimfukuza, wao wamtafutie nyumba."

Ofisi ya nyumba ya manispaa ilikuwa na joto zuri. Karani alikuwa na hita ya umeme chini ya meza, amevua viatu. Alimsikiliza Zulikha mpaka mwisho, kwa adabu.

"Sikiliza, dada. Gesi mpaka kwenye mita ni ya watu wa gesi. Kutoka mita mpaka hita ni yako. Dohani ni ya wapangaji wote. Paa ni letu, hilo sikatai, lakini ndege ni wa watu wa misitu."

"Na atakayekufa ni wa nani?"

"Huyo ni wa Mungu."

Hata hivyo alimpigia simu bwana misitu. Waliongea habari za mpira, kisha za korongo. Karani akaweka simu chini. "Ndege huyu analindwa na sheria. Akishakaa kwenye kiota hagusiki mpaka vifaranga waruke. Rudi Agosti."

"Agosti siwashi hita."

"Umeona? Tatizo limekwisha lenyewe."

"Zimamoto je?"

"Zimamoto huja mtu akianguka."

"Akishaanguka, nani atawaita?"

Karani alitabasamu, akatafuta viatu kwa vidole vya miguu. Hapo simu ikalia. Zulikha alisikia sauti ya mwanaume upande wa pili, inafoka: mtaa wa stendi hawana gesi tangu asubuhi, na vijana wameshatoa matairi ya kuchoma barabarani. Karani akavaa viatu vyote viwili mara moja. Akapiga simu kwa watu wa gesi, akapiga kwa mkuu wake, akasema "ndiyo, bwana, sasa hivi, kabla hawajafunga barabara." Zulikha alikuwa bado hajafika mlangoni alipoona gari la mafundi linapita na taa juu.

Alirudi nyumbani kwa miguu akiliwaza gari lile.

Aligonga kwanza kwa Sabrin, ghorofa ya chini yake. Sebule ya Sabrin na ya Zulikha zinatumia dohani moja. Sabrin alikuwa ndani ya arobaini yake, mtoto wa kwanza, na mama mkwe wake alikuwa amebandika plastiki dirishani na kuizungushia gundi. Hita ilikuwa inawaka kwa nguvu. Nepi zilikuwa zimeanikwa juu yake.

"Ingia, ingia, usituletee upepo," alisema mama mkwe.

"Sabrin, hujambo? Kichwa hakikuumi?"

"Tangu jana," alisema Sabrin. "Wananiambia ni maziwa yanaingia."

"Na mtoto?"

"Mtoto mtulivu, ashukuriwe Mungu. Awali alikuwa analia usiku kucha. Tangu jana amelala tu, mpaka kunyonya namwamsha."

Zulikha akaenda kwenye hita. Moto ulikuwa wa njano. Akagusa bomba. Baridi.

"Zimeni hii. Fungueni dirisha, mumpeleke mtoto hospitali. Dohani imezibwa. Kwangu chiriku amekufa."

Mama mkwe alicheka, si kwa ubaya. "Nimpeleke mtoto hospitali, niwaambie nini? Analala? Wewe mama, kufa kwa ndege wa mkweo kusiingie kwenye arobaini ya watu. Mzazi akipigwa na baridi leo, mifupa itamlilia mpaka uzeeni. Keti unywe kahawa."

Zulikha hakuketi.

Chini ya ngazi kuna kabati la bati lenye koki kuu ya jengo zima. Haina gurudumu. Inazungushwa kwa mkono wa chuma uliowekwa pembeni na kufungwa kwa waya, lakini waya ulikuwa umeshakatika siku nyingi. Zulikha aliuchukua ule mkono, akaupachika, akazungusha robo, gesi ya jengo zima ikafungwa. Kisha akautia mfukoni mwa koti.

Akapanda ngazi akigonga mlango hadi mlango. "Gesi imekatika. Fungeni koki zote, za hita na za jiko, isije ikarudi ikawakuta wazi. Fungeni sasa nikiwaona." Watu wakafunga, wakiwalaani watu wa gesi kwa majina ya mama zao. Kwa Sabrin alisimama mpaka ile ya hita na ya jiko zote zimefungwa.

"Si nilikwambia uketi unywe kahawa," alisema mama mkwe, amechanganyikiwa. "Sasa mtoto atapata wapi joto?"

Zulikha akapanda mpaka juu. Hajjat Burnia ana hita ya umeme aliyoletewa na mwanawe kutoka Marseille, haiwashi kwa kuogopa bili.

"Hajjat, mtoto wa Sabrin. Kwa usiku huu tu."

Hajjat alilitazama koti la Zulikha, upande mmoja umeinama.

"Mfukoni una nini?"

"Mkate."

"Mkate wako mzito." Hajjat akaenda chumbani, akarudi na hita akiiburuta kwa waya. "Waambie wasiiache peke yake na nepi. Na madirisha yafunguliwe kwanza, nyumba ipumue. Waambie nimesema mimi. Mimi watanisikia."

Wakamsikia. Plastiki ilichanwa kwa kisu cha mkate, dirisha likafunguliwa, hewa ikapita kutoka upande huu hadi ule, kisha likafungwa na hita ya umeme ikawashwa.

Jioni wanaume walikusanyika mlangoni mwa jengo na simu zao. Mmoja alisema anajua yaliko matairi. Haikufika huko. Ofisi ya nyumba ilipokea simu mara ya kwanza tu na kuahidi kwa sauti laini: mafundi watafika kesho asubuhi na mapema, pamoja na karani mwenyewe. Watu walishangaa, hawajawahi kuahidiwa kesho. Zulikha aliwasikiliza kutoka dirishani. Alijua hakuna fundi anayeruhusiwa kuirudisha gesi bila kupita nyumba hadi nyumba na kuangalia kama dohani za hita zinavuta moshi. Wangepapasa mabomba wenyewe. Wangepanda paani wenyewe. Na kama wangetaka kuirudisha bila kupanda, wangeutafuta mkono wa chuma.

Walikula mkate na zeituni na yai baridi lililobaki. Mzee Tayeb alivaa koti juu ya kanzu, na kofia ya sufi juu ya kilemba, akalala kwenye godoro lake. Tundu tupu lilikuwa bado kwenye msumari. Hakutaka liondolewe.

Sakafuni, kupitia vigae, ukaja mlio. Mwanzo mwembamba, kisha ukapanda, wenye hasira, haukomi. Mtoto wa Sabrin alikuwa analia.

"Mtoto yule hana haya," alisema mzee chini ya mablanketi. "Watu watalala saa ngapi?"

"Mwache alie, baba."

"Nimwache mpaka lini?"

"Mpaka achoke."

Mzee akanung'unika kidogo, akaanza kukoroma. Zulikha alilala na soksi mbili mbili, mkono wa chuma chini ya mto, unamgandisha shavu kupitia foronya. Juu paani korongo aligonga mdomo wake, ta-ta-ta-ta, akanyamaza. Chini mtoto aliendelea. Zulikha alimsikiliza, kila akipumzika naye anashika pumzi, akianza tena naye anaiachia, mpaka akapitiwa na usingizi, mtoto bado analia.