Wati Sitini Darini

Shemeji aliniita kwa sababu taa nyekundu ya mita ilikuwa inapepesa hata akizima kila kitu. Mama mkwe wake alishatoa hukumu: marehemu hajaondoka, wala hataondoka mpaka aliyemuua aseme.

Aliyemuua, kwa maneno ya ukoo mzima, ni shemeji. Mwezi mmoja uliopita mumewe, fundi mwenzangu wa miaka kumi na tisa, alipanda darini kubadilisha nyaya za nyumba yake mwenyewe, akamwambia mkewe azime swichi kuu. Umeme ukampiga huko huko juu. Mimi, niliyekuwa nikifanya naye kazi hiyo, nilikuwa nimetoka kidogo. Msibani waliponiuliza nikasema, "Huenda shemeji alisahau kuzima." Basi. Tangu hapo hata maji ya mkononi mwake hawanywi.

"Nilizima," aliniambia mlangoni, kabla ya salamu. "Nadhani nilizima. Wamenisema mpaka sijui tena."

"Ngoja tupime, shemeji. Kipimo hakina ukoo."

Nikazima swichi kuu kwa mkono wangu. Friji ikanyamaza. Nikabana kipimo kwenye waya unaotoka kwenye mita, nikitarajia sifuri. Robo ya ampea! Nikapima volti: mia mbili arobaini. Nikakasirika, maana sipendi kuchezewa na waya. Nikaandika kiganjani. Volti mara ampea, wati sitini. Volti gawanya kwa ampea, ukinzani omu mia tisa sitini.

Waya uliotafunwa na panya hautoi hesabu safi namna hiyo. Unyevu wa ukutani ungepanda na kushuka. Hii ilikuwa balbu, balbu ya kawaida ya sitini, inawaka mahali fulani humu ndani na swichi kuu imezimwa.

"Mama anasema anaona uzi wa mwanga kwenye ufa wa dari," shemeji alisema. "Chumbani kwangu, juu ya kitanda. Mimi naogopa kutazama."

Balbu hiyo niliijua. Siku zote tukifanya kazi darini tulivuta taa kutoka kwa jirani. Siku ile jirani hakuwepo, kwa hiyo niliunga balbu kabla ya swichi kuu, ili tukizima bado tuone. Maungio niliyasokota kwa vidole, utepe wa kuyafunika ulikuwa umeisha, nikatoka kuununua bila kumwambia mwenzangu kitu. Yeye aliona mwanga akadhani ni wa jirani, kama kawaida yetu. Akapitisha mkono kati ya nyaya alizoamini hazina umeme.

Walipomshusha hakuna aliyeuliza habari za balbu. Mafundi mbao wakaziba dari. Nami nikajiambia sikumbuki niliunga wapi. Mwongo mkubwa mimi.

Nikasimamisha ngazi. Ningeweza kupanda, nikaikata, nikashuka na kisa cha panya. Maneno yalishafika mdomoni kabisa. Lakini shemeji alikuwa ameshika ngazi kwa mikono miwili ili nisianguke.

"Swichi ulizima, shemeji," nikasema. "Waya uliomuua niliuunga mimi, kabla ya swichi. Sikumwambia. Halafu nikakusingizia."

Akakaa chini sakafuni. Nikasubiri kofi, nikasubiri matusi. Nilistahili yote mawili.

"Rudia pale mwanzo," akasema.

"Wapi?"

"Uliposema nilizima."

Nikarudia. Akainuka taratibu, akaenda kufungua mlango wa chumba cha mama mkwe wake, akausukuma mpaka mwisho.

"Rudia tena," akasema. "Mama asikie."