Inchi Mbili za Mama Magauni

Mama mwenzangu, kama una mtoto anayefanya biashara kwa simu, na mikono inakuwasha kumsaidia, keti kwanza uyasome haya. Ukimaliza na bado unataka kusaidia, saidia. Lakini uliza kwanza.

Palikuwa na mama mmoja, majirani wakimwita Mama Magauni, ingawa magauni yenyewe hayakuwa yake. Yalikuwa ya bintiye. Binti alinunua mitumba ya magauni ya hafla, yale marefu ya kung'aa ambayo wenye nacho huvaa mara moja wakayachoka. Aliyafua, akayapiga pasi, akayapiga picha mbele ya pazia jeupe, kisha akayauza kwenye soko la mtandaoni. Miaka miwili alilijenga lile duka, picha moja moja, mpaka wateja wakawa wanamwita dada yetu. Kazi nyingine hakuwa nayo wala hakuitaka.

Soko lile lilikuwa na sheria moja isiyo na huruma: malalamiko matatu ya kipimo ndani ya mwezi mmoja, duka linafungwa. Likifungwa, limefungwa.

Sasa yule mama alikuwa mtu wa hofu. Mvua ikinyesha aliogopa mafuriko, isiponyesha aliogopa ukame, na mawingu yakitanda tu aliogopa vyote viwili. Binti alipolala na homa siku nne, na robota jipya limeshafunguliwa, magauni yamejaa sebuleni hayajapimwa, mama hakupata usingizi. Akachukua utepe wa kupimia, akaanza kazi.

Hapa ndipo palipoharibika. Utepe ule ulikuwa umeungua na pasi upande wa mwanzo, inchi mbili zikaenda na moshi. Kwa hiyo ukipima kifua cha gauni, utepe ukasema thelathini na nane, ujue ni thelathini na sita. Binti alilijua hilo, na kila siku alitoa mbili kichwani mwake. Mama naye alilijua, maana pasi aliishika yeye. Basi mama akapima, akatoa mbili, akaandika namba kwenye karatasi, akazibandika karatasi kwa pini kwenye kila gauni. Binti akaamka kitandani, macho mekundu, akaziona zile namba, akasema moyoni, "Masikini mama, kasahau kwamba utepe umeungua." Akatoa mbili tena. Akatangaza.

Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Kila mmoja alimhurumia mwenzake kimya kimya. Manahodha wengi chombo huenda mrama, wanasema, na hawa walikuwa wawili tu.

Wiki ile ile yakaja malalamiko mawili. Mteja wa kwanza aliandika kwamba gauni limemshuka hadi kiunoni mbele ya mama mkwe. Wa pili aliandika neno moja: "Hema!"

"Mbona wote yanawapwaya?" binti akashangaa.

"Watu wa siku hizi wamekonda, mwanangu," mama akamtuliza. "Mawazo."

Likabaki lalamiko moja tu kati ya binti na kufungiwa, na mwezi ulikuwa bado mbichi.

Jumamosi asubuhi simu ikaanza kulia. Wanawake wanne wa hospitali moja walikuwa wamenunua magauni kwa ajili ya hafla ya kuwatuza wafanyakazi bora, saa tisa mchana siku hiyo hiyo. Wote wanne, magauni yanawapwaya! Watatu walisema wanakuja wenyewe. Wa nne alimtuma mtu wa pikipiki, naye ndiye aliyefika wa kwanza na mfuko. Mama akalitoa gauni, jekundu kama pilipili iliyoiva, mfuko akautupa kwenye kiti.

"Tulipime," binti akasema, jasho likimtoka. Akauzungusha utepe. "Thelathini na nane. Toa mbili, thelathini na sita. Lakini mimi nimetangaza thelathini na nne!"

"Mimi niliandika thelathini na sita," mama akasema. "Nilishatoa mbili."

"Ulitoa?"

"Nilitoa! Kwani mimi sijui kama utepe umeungua?"

"Mama! Na mimi nilitoa!"

Wakatazamana. Midomo ya binti ikaanza kutetemeka, mama akadhani analia, akajiandaa kulia naye. Kumbe ni kicheko. Kikawashika wote wawili, wakaanguka juu ya magauni, mama akijipiga paja na kusema, "Tumekwisha! Ha! Tumekwisha, mwanangu!" na machozi hayajulikani ni ya nini.

Hofu ndiyo iliyompa mama akili. Akaketi ghafla. "Ngoja. Kila gauni limezidi inchi mbili. Basi hili jekundu linampwaya mwenyewe, lakini linamtosha anayemzidi kidogo. Na la huyo linamtosha anayemfuata. Magauni yote yana wenyewe, ila yamelala nyumba ya jirani!"

Wale watatu walipofika, karani wa mapokezi, mkunga, na mpishi wa wagonjwa, walikuta shuka limetundikwa katikati ya sebule. Kila mmoja alikuja na hasira yake imekunjwa vizuri mkononi pamoja na gauni.

"Mimi nataka—" karani akaanza.

"Ingia nyuma ya shuka, mwanangu, vua," mama akasema.

"Nimesema nataka—"

"Vua kwanza, utagomba ukiwa umependeza."

Karani akavaa lile jekundu. Likamshika kama limeshonewa juu yake. Akatoka nyuma ya shuka akitembea kama anakanyaga mayai, na hasira kaiacha hukohuko. Mkunga akavaa la karani, la kijani. Mpishi akavaa la mkunga, jeusi lenye mpasuo, akajigeuza mbele ya kioo.

"Jamani, huu mpasuo si utamuua daktari mkuu?"

"Muache afe," mkunga akamjibu, "hospitali yenyewe iko karibu."

Sebule ikalipuka. Wakaondoka wamekumbatiana, wakiapa kuwatuma na shoga zao. Mama akaushika ufagio akacheza nao sebule nzima. Lilibaki gauni moja tu, lile alilolileta mpishi, la bluu, shanga tupu toka shingoni hadi chini. Inchi arobaini na mbili.

"Na mwenye jekundu?" mama akauliza.

"Tutamrudishia hela yake, yaishe," binti akasema, akauokota ule mfuko wa asubuhi aukunje. Kikaratasi kikaanguka.

*Sirudishi, nalipenda mno. Nipunguzieni kifuani tu. Nakuja kulichukua saa saba.*

Saa ya ukutani ilisema saa saba kasoro dakika tatu. Ufagio ukamtoka mama mkononi.

Mlango ukagongwa.

Mama alimtambua kabla hajavuka kizingiti. Alikuwa yule muuguzi mfupi wa chumba cha sindano, mtaa mzima humwita Sindano, na si kwa kazi yake peke yake. Madereva wa malori walikuwa wakimwamkia kwanza hata kama ni wakubwa kwake.

"Wewe mama nakujua," Sindano akasema. "Ndiwe uliyepiga yowe kabla sijaifungua sindano. Gauni langu liko wapi?"

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mama akavuta pumzi akasema yote bila kituo: utepe, pasi, mbili na mbili nyingine, shuka, karani.

"Karani wa mapokezi? Yule tunayekaa naye meza moja leo?"

"Huyo huyo. Na limempendeza, siwezi kukuficha."

Sindano akatoa simu. Akawageuzia kioo chake. Lalamiko lilikuwa limeandikwa tayari, refu kama barua ya mirathi. "Hili nililiandika jana nilipokuwa na hasira. Nikasema nisilitume, ni watoto wa watu wanatafuta riziki. Nimebakiza kubonyeza hapa tu."

Kidole kilikuwa juu ya ile alama ya kutuma. Mama alikitazama kidole kile kwa hofu kuliko alivyopata kuitazama sindano yake.

"Usibonyeze, dada," binti akasema kwa sauti ndogo. "Likifika, duka langu limefungwa leo."

"Na mimi leo naitwa jukwaani, miaka kumi na minane nachoma watu, mara ya kwanza naitwa jukwaani! Niende na nini? Na hizi nguo za kazi?"

Wote watatu wakaligeukia gauni la bluu.

Wakamvika. Hapo ndipo Sindano mwenyewe alipochungulia kifuani pake, akaona hadi vidole vya miguu, akasema, "Humu naweza kupangisha." Fundi wa nyumba ya pili akaitwa. Akazishika zile shanga, akatikisa kichwa: siku mbili, na cherehani itavunja sindano hata hivyo. Akaacha sanduku lake la pini akaenda zake. Mama akakunja nguo mgongoni akaanza kubana. Pini kumi na saba. Kwa mbele Sindano akawa malkia. Kwa nyuma alikuwa kama mzigo uliofungwa na mtu mwenye haraka.

"Na zikifyatuka?" Sindano akauliza.

"Nitakaa nyuma yako," mama akasema, na maneno yalitoka kabla ya akili kufika.

"Sawa. Lakini lalamiko hili silifuti." Akaitikisa simu. "Hadi nishuke jukwaani nimevaa."

Ukumbini mama aliingia na nguo zake za nyumbani, utepe wa kupimia unaning'inia shingoni, amesahau kuuvua. Akaketi nyuma ya Sindano, macho kwenye zile pini, anazihesabu kama mtu anayehesabu watoto sokoni. Wake za madaktari wakaanza kunong'ona. Mmoja akainama mezani.

"Huyo mama ni nani?"

Sindano hakupepesa jicho. "Fundi wangu. Sitoki bila yeye."

"Wako mwenyewe?"

"Wewe huna?"

Yule mwanamke akalitazama gauni lake mwenyewe kama limemsaliti. Karani, ndani ya jekundu, akameza soda vibaya akakohoa hadi mkunga akampiga mgongoni. Na Sindano, mama aliliona kwa pembeni, mdomo wake ulikuwa unacheza.

Kisha likaitwa jina la chumba cha sindano. Sindano akasimama. Tak! Pini moja. Tak, tak! Mbili. Shanga zikaanza kuteremka mgongoni kwa fujo. Mama hakufikiri. Akaruka, akakamata gauni zima kwa ngumi mbili, akamnong'oneza, "Tembea. Nimekushika." Wakaenda hivyo hivyo, mmoja kanyooka kama mlingoti, mwingine kainama nyuma yake, ngazi moja, ya pili, ya tatu. Kila hatua mama aliliona duka la bintiye linaning'inia kwenye vidole vyake kumi.

Mpiga picha akasema, "Mama, sogea kidogo, unaharibu picha."

"Nikisogea mimi," mama akajibu kutoka nyuma, "utapiga picha usizotaka kuzipiga!"

Ukumbi ukaanguka. Daktari mkuu alicheka mpaka cheti kikamdondoka. Mpishi alisimama juu ya kiti akapiga vigelegele. Na Sindano, mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kuyaona meno yake yote, alicheka hadi pini nyingine ikafyatuka, naye akapiga yowe kubwa kuliko la mgonjwa yeyote aliyewahi kumchoma.

"Imeniingia! Kumbe inauma hivi?"

"Inauma, mwanangu, inauma! Simama wima!"

Alishuka jukwaani na cheti chake, amevaa. Walipoketi, mama bado kamng'ang'ania mgongo, Sindano akafuta machozi, akamnyooshea simu kwa juu ya bega.

"Futa mwenyewe."

Mama alikuwa na mkono mmoja tu wa kutumia. Njia ya kufuta yote kwa mara moja hakuijua, na ile alama ya kutuma ilikuwa pembeni kabisa, jirani na dole gumba lake. Akafuta herufi moja. Akapumua. Akafuta nyingine. Watu wawili wengine waliitwa jukwaani, wakatuzwa, wakashuka, na yeye bado anafuta, ulimi nje, anarudi nyuma neno kwa neno hadi pakabaki peupe.

"Hebu angalia," akamnong'oneza Sindano. "Imeisha kweli?"

Sindano akaangalia. "Imeisha. Nishike vizuri, mama, wanaleta keki."