Mgonjwa wa Skrini Tatu

Nyumbani walimwita Injinia, ingawa hakuwahi kusomea uhandisi hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kukagua madai ya bima ya magari: kutazama picha za bampa zilizobonyea, kusoma maelezo ya madereva ambao wote, kwa maandishi yao wenyewe, walikuwa wamesimama kabisa pale walipogongwa, kisha kuandika ripoti ya kusema nani anadanganya. Jina la Injinia alipewa na mama yake mzazi, siku alipofungua redio iliyokuwa inakoroma kidogo akairudisha ikiwa kimya kabisa. Mama alisema kwa kejeli. Mwana akalipokea kama cheo.

Mkewe alikuwa mhariri wa vitabu vya shule. Miaka tisa alifanya kazi nyumbani, kwenye kona ya meza ya kulia chakula, kwa kompyuta ndogo iliyokuwa imefutika herufi mbili, na hakuna aliyewahi kuona haja ya kuizungumzia kona ile. Kwa hiyo ofisi ya mumewe ilipotangaza kwamba wakaguzi wataruhusiwa kufanyia kazi nyumbani, alidhani mume naye atavuta kiti upande wa pili wa meza na maisha yataendelea.

Injinia alicheka. Alimweleza, kwa upole wa mtu anayemwelewesha mgeni, kwamba hakuna kazi ya maana inayofanyika kwa skrini moja. Picha ya gari lililogongwa inataka skrini yake, ripoti inataka yake, na barua za ofisi zinataka yake. Na sauti je? Mteja anapoeleza ajali kwa simu, mkaguzi makini husikiliza hata anavyomeza mate. Hapo ndipo zinapoingia spika. Mkewe alimuuliza miaka yote hii alikuwa anawasikiliza kwa kitu gani. Alijibu kwamba ndiyo maana hakupandishwa cheo.

Maboksi yakaanza kuingia. Meza pekee iliyotosha skrini tatu ilikuwa ile ya chakula, basi ikasukumwa hadi ukutani, na familia ikahamia kula na sahani magotini. Mhariri naye alihamia jikoni, kompyuta ikakaa kwenye ubao kati ya sinki na jiko, akawa anasahihisha kitabu cha sayansi cha darasa la sita huku akichunga maji yasiruke.

Wiki ya kwanza Injinia alipima. Alichukua futi ya kushonea ya mama yake, akapima toka jicho hadi kioo, toka kiwiko hadi kibodi, toka sikio hadi spika. Kisha akaleta drili. Skrini, alisema, haiwekwi mezani kama sufuria. Inashikwa na mkono wa chuma, na mkono wa chuma unataka tundu. Alitoboa tundu la kwanza likawa karibu mno na ukingo. La pili likakutana na mguu wa meza. La tatu likakubali. Na kwa kuwa mikono ilikuwa miwili, matundu yaliisha yakiwa saba.

Wiki ya pili ilikuwa ya rangi. Skrini ya kushoto ilitoa nyeupe ya maziwa, ya kulia nyeupe ya barafu, na ya kati, ambayo aliisimamisha wima kama kioo cha saluni kwa sababu alimwona mtu kwenye video amefanya hivyo, ilitoa nyeupe ya samli. Siku nne alibonyeza vitufe akizifananisha. Alimwita mkewe aamue. Mkewe alikuja na mikono yenye povu, akatazama, akasema zote ni nyeupe. Injinia alimwangalia kwa huruma, akaendelea.

Wiki ya tatu zilifungwa spika: mbili ndogo juu ya meza na moja kubwa ya besi chini kabisa, nyuma ya nyaya. Ilipopiga, vikombe vilitetemeka kabatini. Majaribio yalikuwa na sauti ya mwanamke anayesema "kushoto", akinyamaza, halafu "kulia". Mama mkwe, yaani mama yake Injinia, aliyeishi nao na kushinda sebuleni na magoti yake yanayouma, alikuwa akigeuza shingo kila upande alioelekezwa, mpaka siku ya tatu akauliza huyo mwanamke anayetoa amri humu ndani ameolewa na nani.

Kitu kimoja tu mkewe hakukiona katika majuma yale matatu: ripoti. Hakuona hata picha ya bampa. Aliuliza mara moja, na Injinia akamjibu kwamba ofisini wanaelewa. Alisema hivyo bila kuinua macho kutoka kwenye skrubu.

Jumanne saa nne asubuhi ndipo mitambo ilipozinduliwa rasmi. Ulikuwa mkutano wa idara kwa njia ya mtandao. Injinia alivaa shati la kazi na, chini, kaptura. Aliwaomba wanawake wa nyumba watulie. Mama mkwe alikaa sebuleni na mkewe alikuwa jikoni, ameinama kwenye sura ya mifupa ya binadamu.

Jana yake Injinia alikuwa ameongeza sauti hadi mwisho ili asikie besi vizuri, na alikuwa amesahau kuirudisha. Ndiyo maana mkuu wa idara, mama mwenye sauti ya taratibu, alipofungua mkutano, alisikika nyumba nzima na pengine kwa majirani wa ghorofa ya juu.

"Kabla hatujaanza kazi," sauti ilisema, na vikombe vikaitikia kabatini, "tungependa kujua hali ya mgonjwa. Mke wako anaendeleaje baada ya upasuaji?"

Kalamu ilisimama mkononi mwa mhariri. Alisikia kiti cha kuzunguka kikisukumwa kwa nguvu. Kitufe cha sauti kilikuwa nyuma ya ile spika kubwa, na Injinia aliingia chini ya meza kichwa kwanza kukitafuta. Kamera, ambayo alikuwa ameipima vizuri, iliwaonyesha wenzake mgongo wake tu, umejikunja, ukitetemeka kwa kupambana na nyaya.

"Jamani, analia," alisema mmoja wao.

"Mwacheni alie," alisema mkuu wa idara. "Lia tu, kaka, si aibu. Mgongo ni kitu kizito. Sisi tumekubaliana, Jumamosi tunakuja kumtazama."

Kimya kikaingia ghafla. Kitufe kilikuwa kimepatikana. Toka sebuleni mama mkwe aliuliza, polepole, ni nani aliyepasuliwa humu ndani bila yeye kuambiwa.

Mkutano ulipokwisha, mhariri alikuja akakaa kwenye mkono wa kochi, akamtazama mumewe aliyekuwa bado na vumbi la chini ya meza kwenye nywele. Hakupandisha sauti.

"Nilipasuliwa wapi?"

"Mgongoni," alisema Injinia. "Chini kidogo."

"Nililazwa siku ngapi?"

"Nne."

"Ulikuja kuniona?"

"Kila siku," alisema, na kwa kweli alionekana kuumia kwamba aulizwe swali kama hilo.

Kidogo kidogo maelezo yakatoka. Wiki ya kwanza aliomba udhuru kwa kuwa mkewe ana homa. Homa haikuweza kufika wiki ya pili, basi ikageuka maumivu ya mgongo, na wiki ya tatu mgongo wenyewe ukawa hauna njia nyingine ila kisu. Hakukusudia ifike huko. Alihitaji muda tu wa kujipanga, na mtu hawezi kumwambia mkuu wake wa kazi kwamba ripoti zimechelewa kwa sababu skrini mbili hazifanani rangi. Sasa alichoomba ni kitu kidogo. Jumamosi alale kitandani saa moja, ajifunike, agunegune kidogo, wageni waondoke.

"Daktari aliniambia nipumzike muda gani?" mkewe aliuliza.

Injinia alikumbuka alichoandika. "Wiki sita."

Mhariri alisimama, akachukua kompyuta yake jikoni, akaingia chumbani, akajilaza. Mgonjwa wa mgongo, alisema kupitia mlango uliokuwa wazi, hapasuliwi Jumamosi kwa saa moja. Mama mkwe alisema na magoti yake pia yametaka kupasuliwa kwa muda mrefu, akarudi kwenye kochi akanyoosha miguu.

Toka siku ile Injinia alikiona cha mtema kuni. Alipika wali ukawa mbichi juu na umeungua chini. Alifua shuka pamoja na soksi nyekundu. Alipeleka chai chumbani, ikarudishwa kwa sababu ya sukari. Akaipeleka tena, akaambiwa asante na aje achukue kikombe baada ya robo saa. Alipochomeka pasi kwenye soketi iliyokuwa inalisha skrini tatu, nyumba nzima ilizimika. Na mkewe, kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, alikuwa anafanya kazi bila mtu kumuuliza chumvi iko wapi. Alimaliza sura nne. Moyoni alikuwa akicheka, na hakuona ubaya wowote. Alipanga kabisa kwamba Jumamosi ataguna vizuri.

Walikuja saa tisa alasiri, wanne. Mkuu wa idara alitangulia na mfuko wa machungwa, nyuma yake wanaume wawili waliokaa sebuleni kwa adabu, na wa mwisho dada mwembamba mwenye miwani aliyekumbatia chupa kubwa ya supu. Wanawake wakaingizwa chumbani. Mhariri alikuwa ameegemea mito miwili, akaguna pale alipopaswa kuguna. Walimpa pole. Mkuu wa idara alimsifia mumewe, mtu wa kulia waziwazi kwa ajili ya mke, wanaume kama hao wameadimika.

Kisha akamshika yule dada bega. "Na huyu umshukuru. Faili zote za mumeo, kumi na moja, amezifanya yeye juu ya za kwake. Alikataa tumgawie mtu mwingine."

"Si kitu," alisema yule dada. "Mama yangu naye amelazwa mwezi wa pili huu. Kiharusi. Najua kukaa na mgonjwa kulivyo. Nafanyia kazi pale pale wodini, kwenye kiti." Akafungua chupa. "Nimempikia yeye, nikakukumbuka na wewe. Kunywa kidogo ingali moto."

Macho yake, nyuma ya miwani, yalikuwa mekundu. Mhariri alipokea kikombe akakishika kwa mikono miwili. Alijaribu kukipeleka mdomoni na hakikufika. Kile kicheko alichokuwa nacho tangu Jumanne kilimkauka kifuani, na badala yake uso ulimchoma, kwa maana siku nne hizi naye alikuwa amelalia usingizi wa mtu huyu.

Akaweka kikombe, akatupa shuka, akasimama wima.

"Dada, nisamehe," alisema. "Mimi siumwi. Aliyetobolewa humu ndani ni meza."

Akatangulia, bila kushika mgongo. Injinia alikuwa sebuleni anawaeleza wale wanaume wawili faida za mkono wa chuma; alipomwona mkewe anatembea, maneno yalimkatikia njiani. Mhariri aliwaonyesha kila kitu kwa utaratibu, kama mtu anayesahihisha ukurasa: matundu saba, skrini tatu, spika tatu, futi ya kushonea, majuma matatu. Hakuongeza chumvi. Mkuu wa idara alitazama skrini iliyosimama wima kwa muda mrefu, halafu akamuuliza Injinia kama kuna hata faili moja iliyowahi kufunguliwa hapo. Mkaguzi, ambaye miaka kumi na mbili alikuwa akiwanasa madereva waongo, alifungua mdomo na kusema kwamba mfumo ulikuwa bado katika majaribio.

Yule dada alichukua mkoba wake, akatoka akakaa kwenye ngazi kuwasubiri wenzake. Hilo ndilo lililomuuma mhariri kuliko yote.

Barua ya onyo ilifika Jumatatu. Injinia alirudishwa ofisini siku zote tano, akapewa faili zake na, kwa miezi miwili, za yule dada pia, ambaye alipewa ruhusa akamuuguze mama yake. Alifanyia kazi kompyuta ya ofisi, ya skrini moja. Aliifanya yote, tena kwa wakati, na hakupenda mtu alitaje jambo hilo.

Wiki nzima hakuzungumza na mkewe ila ya lazima. Jioni moja, akila na sahani magotini, alimuuliza kwa nini. Saa moja tu. Siku nne alikuwa amelala vizuri, kilimshinda nini saa moja?

"Kwa ajili yako ningelala hiyo saa moja," mkewe alisema. "Na huyo mkuu wako ningemgunia mpaka aondoke. Supu ndiyo iliyonishinda."

Injinia alitafuna polepole. "Ilikuwa mbaya?"

Mkewe alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania.

"Muulize mama yako," alisema. "Yeye ndiye aliyeimaliza."