Kikanda cha Mjomba Xavery

Yustina alishuka kwenye bodaboda pale Kigwa akiwa ameshajipangia msiba wake. Atawapa pole wakubwa, atamwona marehemu, atatoa rambirambi, kisha atageuza kabla jeneza halijafungwa. Marehemu alikuwa mjomba wake Xavery Mahona, aliyemlea tangu anang'oka meno ya utoto, na mtu wa namna hiyo huliliwa siku nzima. Lakini Yustina siku nzima hakuwa nayo. Saa sita mchana basi dogo la Kosta lilikuwa linatoka stendi ya Tabora kwenda Kigoma, kwenye tamasha la muziki la kesho yake, na vikanda vya abiria vilikuwa kwenye mkoba uliomning'inia begani.

Vikanda hivyo vya mkononi ndiyo tiketi zenyewe. Usipokuwa nacho, mlinzi wa getini hakujui wala hataki kukujua. Na vilishakwisha kitambo. Hata uende na gunia la pesa, hupati.

Tuseme ukweli, tamasha si ghali. Ghali ni njia. Mpenzi wa muziki wa huku magharibi mwa nchi akishapiga hesabu ya nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, pa kulala na sahani ya wali inayopanda bei siku ya tamasha, hugundua kwamba mpiga gitaa anampa senti na barabara anaipa shilingi. Ndiyo maana Yustina, fundi cherehani wa Isevya mwenye masikio yasiyoshiba muziki wa dansi, aliwakusanya wenzake. Walikuwapo walimu, mama lishe, wakulima wa tumbaku wa Urambo ambao wangechukuliwa njiani. Wakanunua vikanda mapema bei ikiwa chini, wakakodi Kosta, gharama wakaigawa kwa vichwa. Hesabu ilikaa vizuri kwa sharti moja tu, kila siti iwe na mtu. Siti moja ikienda tupu, waliobaki wanaibeba.

Wa kwanza kulipa alikuwa mjomba Xavery. Alilipa kwa ndoo ya asali, tena asali ya kwanza ya msimu, kwa sababu kule Kigoma angepanda jukwaani mzee mmoja wa gitaa ambaye mjomba alicheza nyimbo zake ujanani mpaka soli za viatu zikaisha. Alitaka siti ya dirishani ili auone mto Malagarasi. Kila alipokutana na Yustina alimkumbusha hilo la dirisha kama mtoto.

Jumatano akafa usingizini, bila kumsumbua mtu.

Alhamisi asubuhi Azan, mwana wa mzee Nabhan mwenye duka la vitenge, akaingia kibandani kwa Yustina akiuliza kama kuna nafasi. Akataja mara mbili ya bei, bila kubembelezwa. Yustina akameza mate. Akajiambia siti tupu itawaumiza wenzake, akajiambia pesa itamsaidia mjane, akajiambia na mengine mengi, maana mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno. Akamfunga Azan kikanda cha mjomba palepale. Na vikanda hivi vikishabanwa havifunguki. Ukikitoa umekikata, na kikikatwa ni takataka. Wahenga walisema kufa kufaana. Hawakusema kama wanaofaana hupata usingizi.

Sasa, Ijumaa hii ya msiba, kwenye njia ya kuingilia uani alikuwa amekaa Yoramu. Huyu ni Mgogo aliyeletwa Kigwa na kazi ya reli akiwa kijana, akaoa hapo, akazeekea hapo. Siku hiyo alivaa koti la marehemu nje ndani, na kichwani amejivika sufuria. Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu enzi za misafara, wakati mababu wa Wanyamwezi walipopita na mizigo kwenye nchi ya Wagogo na kutozwa hongo, yaani ushuru wa njia. Msibani mtani ndiye mfalme. Atakunyang'anya kitu chako, atamsimanga maiti, ataingia kaburini adai kodi ya pango, nawe utacheka, utakikomboa chako, mambo yaishe. Lakini ole wako ukasirike. Kumkasirikia mtani ni aibu ya ukoo mzima.

"Shikamoo, baba Yoramu," Yustina akasema.

"Marahaba. Mnyamwezi gani huyu anasalimia hajatua mzigo?"

Waombolezaji wakacheka. Yustina akapita, akaingia kwa mama Tekla, mke wa mjomba, aliyekaa mkekani kando ya jeneza. Walipokumbatiana mkoba ulimponyoka begani, akausogeza chini ili amshike mjane kwa mikono miwili. Mama Tekla alilia, naye akalia, huku jicho moja likiwa kwenye saa ya ukutani. Alipoinuka, mkoba haukuwepo.

Ulikuwa shingoni mwa Yoramu.

"Hongo!" Yoramu alimwambia Yustina alipotoka nje mbio. "Nani alikwambia Ugogo hupitwa bure?"

Watu wakaangua kicheko. Yustina naye akacheka kwa meno, akatoa noti ya elfu tano.

"Elfu tano ilikuwa bei ya mapema," Yoramu akasema. "Mapema ilikuwa jana. Jana ulikuwa wapi?"

Uani kicheko kikapanda. Wengi wao walikuwa wamemsikia Yustina miezi yote akiwahimiza watu walipe kabla bei haijapanda. Yustina alijua vizuri jana alikuwa wapi.

"Basi leo ni nini, baba?"

"Leo ni kuku."

Akamkimbilia jirani, akanunua jogoo, akamleta anapiga kelele. Yoramu akampapasa kifua, akatikisa sufuria kichwani.

"Huyu alitosha ulipokuwa unakwenda kumnunua. Sasa watu wameongezeka, geti limejaa. Ni mbuzi."

Simu ikalia. Alikuwa Octavian, dereva wa Kosta. "Dada Yustina, uko wapi? Huku watu wamevaa wamejipamba, jua linawachoma. Kuna wanaosema umewakimbia na hela zao."

"Nipe nusu saa, kaka."

"Nusu saa hiyo niitoe wapi? Gari ya tajiri hii, nikilala njiani ni siku nyingine, na siku nyingine ni pesa nyingine. Basi tunakufuata hukohuko. Mafuta ya Kigwa mtachangishana wenyewe."

Yustina akamwendea mzee Bernardo, kaka wa marehemu, akapiga goti. Akamweleza kwamba mkobani mna tiketi za watu, watu waliojinyima msimu mzima, na tamasha halimsubiri mtu. Mzee Bernardo alimsikiliza mpaka mwisho, akamjibu kwa upole, "Mwanangu, kwa mtani mimi sina mamlaka. Mfuate mwenyewe, na umfuate ukicheka."

Kucheka kulishamwishia. Alirudi kwa Yoramu, akadaka ukanda wa mkoba, akavuta.

Hata waliokuwa wanapasua kuni walishusha mashoka.

"Unakasirika?" Yoramu akauliza, taratibu sana.

Macho yote yalikuwa kwa Yustina. Wajomba, mashangazi, wakwe wa mbali waliokuja kwa lori, wote wakingoja neno moja ambalo lingeharibu msiba na kusimuliwa mpaka Isikizya. Yustina alitaka kupiga kelele. Alitaka kuisukuma ile sufuria idondoke. Akauachia ukanda kidole kimoja kimoja.

"Sijakasirika, baba. Nacheka."

"Cheka basi tuone."

Akacheka. Kilikuwa kicheko cha kusikitisha, na Yoramu mwenyewe hakukifurahia. Akavua sufuria, akaiweka magotini, na alipozungumza tena sauti yake haikuwa ya mtani.

"Mbuzi simtaki. Nilikuwa nakuchelewesha tu, maana nilikuona umekuja na saa mkononi. Humu ndani nataka kitu kimoja. Kikanda cha Xavery. Alilipa yule, ndoo tuliibeba pamoja mpaka barabarani. Alikuwa akinisumbua na Kigoma yake hiyo kila jioni. Nipe nimvalishe kabla hawajapigilia misumari, kisha nenda zako na baraka zangu."

Vilivyobaki mkobani kila kimoja kilikuwa na mwenyewe, na cha mwisho kilikuwa cha Yustina mwenyewe. Angeweza kusema lolote. Angeweza kutoa kimoja na kukiita cha mjomba, kisha huko mbele mama lishe mmoja abaki nje ya geti akisikilizia muziki ukutani. Kabla hajachagua, honi ikapigwa barabarani.

Kosta ilisimama. Wakateremka watu wa tamasha, sare zao za kitenge cha njano zikiwaka juani, wakija juu na maneno tayari mdomoni. Walipoona turubai na wanawake waliofunga khanga viunoni, maneno yakawaishia. Kina mama wakajitanda. Azan alitangulia mbele, maana nyumbani kwa mzee Nabhan hakuna aliyefundishwa kupita msiba bila kutoa mkono. Akampa pole mzee Bernardo, akampa pole na Yoramu.

Yoramu akaupokea mkono. Hakuuachia. Aliugeuza, akakitazama kile kikanda cha kijani.

"Kizuri," akasema. "Ulilipa lini, kijana?"

"Jana, mzee wangu. Nilikuwa na bahati. Dada Yustina aliniambia kuna mtu ameahirisha safari."

Hakuna aliyecheka. Mama Tekla alikuwa amefika kizingitini akiwa ameshikwa mikono na wanawake wawili. Alimtazama Azan, akautazama mkono wake, akamtazama Yustina.

"Ameahirisha," mama Tekla akasema, kisha akarudi ndani.

Yustina angepewa shimo lile la kaburi muda huo angeingia mwenyewe. "Pesa nilitaka kukuletea wewe, mama," alisema, lakini aliusemesha mlango. Azan alimtazama Yustina, akalitazama jeneza lililoonekana mlangoni, na damu ikampanda usoni. Akaanza kukivuta kikanda ili akikate kwa nguvu.

"Acha, mwanangu," Yoramu akamwambia. "Ukikikata hakimfai yeyote. Wewe hukujua."

Akauvua mkoba shingoni, akamkabidhi Yustina kwa mikono miwili, kwa adabu, kama anavyokabidhiwa mgeni.

"Chukua mali yako. Utani umekwisha."

Matusi Yustina angeyavumilia. Kwa mtani kutukanwa ni kawaida, ni mapenzi. Lakini kukabidhiwa mkoba kwa adabu na mtu aliyemtania tangu anatambaa, hilo lilimpiga kifuani. Yoramu alilivua lile koti, akaligeuza likawa sawasawa, akalikunja na kwenda kuegemea nguzo ya turubai, mzee wa kawaida tu.

"Dada, twende," Octavian akanong'ona nyuma yake. "Pole kwa yote, lakini tukiondoka sasa tunawahi."

Na njia ilikuwa wazi. Hakuna aliyemzuia. Wenzake walishaanza kurudi kwenye gari wakitembea kwa ncha za vidole, na hesabu ya safari ilikuwa bado imekaa vizuri, kila kichwa na kikanda chake. Miaka mitano alikuwa akitunza pesa, kila mwaka nauli inapanda kuliko anavyotunza. Mwaka huu tu ndio alioweza. Alifungua zipu, akatoa kikanda kimoja, akampa Octavian mkoba wote.

"Majina yamebandikwa. Wagawie wakishakaa."

"Na wewe je?"

"Changu ninacho. Nendeni."

"Siti yako hiyo, pale Urambo hatukosi mtu wa kuichukua. Atalipa nauli tu, hata kama—"

"Octavian. Nendeni."

Aliingia ndani. Wanaume wawili walikuwa wameshashika kifuniko cha jeneza, akawaomba wangoje. Kisha akageuka mlangoni, akamwita yule mzee aliyeegemea nguzo.

"Baba Yoramu. Njoo unisaidie. Peke yangu sitaweza."

Yoramu alikawia. Nje, Kosta ilinguruma, ikageuza, ikaanza kuondoka. Alikuja hatimaye, akapiga magoti upande wa pili wa jeneza, akaunyanyua mkono wa rafiki yake kutoka kwenye rozari. Yustina alijaribu kuzungusha kikanda, vidole vikamgomea. Yoramu akajaribu, naye macho hayakuona tundu.

"Mnyamwezi huyu," akasema Yoramu, "hata akifa mkono mzito. Mazoea ya kubeba mizigo."

Hakuna aliyejua kama inaruhusiwa kucheka. Yustina akakipitisha kikanda, akakivuta, akatafuta pa kukibania.

"Usikaze sana," mama Tekla akasema kutoka mkekani. "Hapendi kubanwa."

Yustina akakilegeza tundu moja. Akakibana kikalia, akaushika ule mkono wa baridi, na ndipo akamlilia mjomba wake kwa sauti mpaka wanawake waliokuwa nje wakaja kumshika.